Mwalimu wa Mpira Anapoaga: Huzuni ya Mashabiki na Mafundisho Yake kwa Nyumba Zetu

Mji wa Bagamoyo umebeba katika jina lake habari ya kutua mzigo. Wapo wazee wasemao kwamba wapagazi waliotoka bara, wakiwa na pembe za ndovu mabegani tangu Ujiji na Tabora, walipoiona bahari waliambiana, "Bwaga moyo," maana yake tulia sasa, safari imekwisha. Wapo wengine wasemao kwamba maneno hayo yalikuwa ya watumwa, ambao waliiacha mioyo yao pwani kwa kuwa walijua hawataiona tena nchi yao. Hatutaki leo kuamua ni wazee gani wasemao kweli. Twaona tu kwamba jina moja limechukua mambo mawili: raha ya yule anayetua mzigo, na uchungu wa yule anayetengwa na akipendacho. Mambo hayo mawili ndiyo tunayotaka kuyatazama leo, tena katika jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni mchezo wa mpira.

Mwenye kusafiri kutoka Dar es Salaam kwenda kaskazini, akipita Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo mpaka Bagamoyo, ataona kando ya barabara vibanda vya mabati au makuti ambavyo vijana huviita vibanda umiza. Ndani yake mna mabenchi, mna televisheni, na hewa ni haba kwa wingi wa watu. Humo huketi pamoja mvuvi aliyetoka baharini alfajiri, mwendesha bodaboda, mwanafunzi, fundi seremala na mzee aliyestaafu. Hulipa kiingilio kidogo, nao hutazama timu za Uingereza kana kwamba ni timu za mtaa wao. Ni humo ndimo, mwezi wa Mei mwaka 2013, wengi walipomtazama kwa mara ya mwisho mtu aliyeitwa Alex Ferguson akiiongoza timu ya Manchester United.

HABARI YENYEWE

Ferguson alianza kazi katika timu hiyo tarehe 6 Novemba 1986. Tarehe 8 Mei 2013 ilitangazwa kwamba atastaafu mwisho wa msimu. Alikuwa amekaa miaka 26 na zaidi, na siku aliyomaliza, hesabu ya michezo aliyoiongoza ilitimia 1,500 kamili. Alikuwa ametwaa ubingwa wa Uingereza mara 13 na ubingwa wa Ulaya mara 2, mwaka 1999 na mwaka 2008. Tarehe 12 Mei, baada ya mchezo wake wa mwisho nyumbani, alisimama katikati ya uwanja akasema na watu. Watu wazima walilia Manchester, na walilia pia huku kwetu, mbali na uwanja ule, watu ambao hawajapata kuvuka bahari hata kufika Unguja.

Fikirini nyumba moja jioni ile. Baba arudi kutoka kazini, amkute mwanawe wa miaka kumi na mitano amejiinamia, macho mekundu. Aulize kuna nini, aambiwe. Baba acheke na kusema, "Huyo Mzungu ni mjomba wako?" Kijana ajibu kwa upole, "Hapana, baba. Lakini tangu nizaliwe, yeye ndiye aliyekuwepo."

Jibu hilo linastahili kufikiriwa. Je, kijana huyu ni mjinga? Je, baba amefanya vema kumcheka? Au katika machozi yale kuna jambo la kweli, ambalo mzazi mwenye busara angeweza kulitumia kumfundisha mwanawe?

SABABU ZA HUZUNI

Sisi twaona kwamba huzuni hiyo ina sababu tatu za kweli.

Sababu ya kwanza ni mazoea ya miaka mingi. Mtu aliyezaliwa mwaka ule Ferguson alipoanza kazi, mwaka 2013 alikuwa na umri wa miaka 26. Huenda alikwisha oa, na mtoto wake anatambaa. Utoto wake wote, shule yake yote, ujana wake wote, ulipita huku mtu yule yule akiwa amekaa pale pale kando ya uwanja, anatafuna ubani wake na kuitazama saa yake. Rafiki walihama, babu alikufa, bei ya unga ilipanda, marais walibadilika, lakini yule hakubadilika. Basi siku anapoondoka, shabiki huona ghafula miaka yake mwenyewe imekwenda. Anamlilia kocha, lakini anaulilia pia ujana wake. Yafaa mzazi alijue hilo kabla ya kucheka.

Sababu ya pili ni kwamba kocha wa miaka mingi huwa mfano wa baba. Wachezaji huja na kuondoka; wanauzwa, wanaumia, wanazeeka. Kocha hubaki. Yeye hukemea, husamehe, humpa nafasi kijana asiyejulikana, humwondoa mkubwa aliyejivuna. Kijana asiye na baba nyumbani, au mwenye baba asiyesema naye, huokota katika mfano huo kitu alichokosa. Nchi yetu ina vijana wengi wa namna hiyo. Hatuwalaumu. Twawauliza tu akina baba: kama mtoto wako anamjua mtu wa Manchester kuliko anavyokujua wewe, kosa ni la nani?

Sababu ya tatu ni hofu. Mashabiki wanajua kwamba raha waliyoizoea ilisimama juu ya mabega ya mtu mmoja. Akitua mzigo, nani ataubeba? Hofu hiyo haikuwa ya bure. Aliyemfuata Ferguson, David Moyes, alipewa mkataba wa miaka 6, naye akaondolewa mwezi wa Aprili 2014, kabla ya kutimiza miezi 10. Timu iliyokuwa bingwa ilimaliza msimu ule nafasi ya 7. Katika miaka 10 iliyofuata kuondoka kwa Ferguson, walikuja makocha wengine mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeurudisha ubingwa wa Uingereza.

Tukiziweka pamoja sababu hizo tatu, yaani mazoea, mfano wa baba na hofu ya kesho, twaona kwamba ni zile zile zinazotuliza anapostaafu mwalimu mkuu mzee, anapohamishwa padre aliyebatiza watoto wetu, au anapoacha kazi daktari wa zahanati aliyetujua kwa majina. Mpira haukumwumbia kijana moyo mpya. Umeonyesha tu moyo alio nao.

UPENDO ULIOCHELEWA

Lakini mashabiki hawahuzuniki wote kwa namna moja. Kuna huzuni yenye majuto ndani yake, nayo tuliiona mwaka 2018, wakati Arsène Wenger alipoondoka Arsenal.

Wenger, Mfaransa, alifika Arsenal mwaka 1996 akaongoza michezo 1,235 katika miaka 22. Alitwaa ubingwa mara 3 na Kombe la FA mara 7, na katika msimu wa 2003/04 timu yake ilicheza michezo yote 38 ya ligi bila kufungwa hata mmoja. Walakini miaka yake ya mwisho ilikuwa ya uchungu. Ubingwa haukurudi tena, na mashabiki wake wenyewe walichukua mabango uwanjani ya kumtaka aondoke. Huku kwetu pia, katika vibanda vile vile, wapenzi wa Arsenal waligombana wao kwa wao, nusu wakimtetea na nusu wakimtukana.

Kisha alipotangaza kuondoka, watu wale wale walisimama wakampigia makofi. Tarehe 6 Mei 2018, katika mchezo wake wa mwisho nyumbani, Arsenal iliifunga Burnley mabao 5 kwa 0, na uwanja mzima ukamwimbia. Wengi waliolia siku ile walilia kwa sababu walikumbuka maneno yao. Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Mtu hupewa shukrani akiwa mlangoni, mzigo umekwisha funga, wakati shukrani ile ingemfaa zaidi miaka mitatu nyuma alipokuwa anachoka.

Ndugu wasomaji, ni nyumba ngapi zinazofanya hivyo? Mzee analalamikiwa miaka kumi kwamba ni mzito, hasikii, hafai. Siku ya maziko anasifiwa tangu asubuhi hata jioni. Hatuna budi kujifunza kusema asante mapema.

JINSI YA KUAGA VEMA

Sasa tutazame upande wa anayeondoka, maana yeye pia ana wajibu wake. Lugha yetu ya Kiswahili ilipata neno zuri kwa jambo hili kutoka Kizanaki, nalo ni kung'atuka. Mwalimu Julius Nyerere ndiye aliyelieneza, na mwaka 1985 alilitimiza kwa matendo alipomwachia Ali Hassan Mwinyi kiti cha urais. Wengi walihuzunika siku zile, wakidhani nchi haitasimama bila yeye. Nchi ilisimama. Na mwaka ule ule wa 2013, miezi mitatu kabla ya habari ya Ferguson, Baba Mtakatifu Benedikto XVI alitangaza kwamba ataacha kiti cha Petro kwa kuwa nguvu zake zimepungua kwa uzee. Akaondoka tarehe 28 Februari. Kung'atuka, basi, si kukimbia. Ni kukiri kwamba kazi ni kubwa kuliko mtu aifanyaye.

Ferguson alieleza baadaye kilichomfanya aamue. Shemeji yake, dada wa mke wake, alikuwa amefariki mwaka 2012, na mke wake, Cathy, alikuwa mpweke. Yeye mumewe alikuwa ametumia maisha yake yote viwanjani. Sasa aliona ni zamu ya nyumba. Wako mashabiki waliosikitika kwamba angeweza kukaa miaka mitatu zaidi na kutwaa kombe jingine. Lakini mwezi wa Oktoba 2023 Cathy alifariki dunia. Miaka 10 ile, ambayo mashabiki walitamani waipate wao, ndiyo iliyokuwa miaka ya mwisho ya ndoa yao. Mwenye mke na asikie. Hakuna kombe ambalo lingeweza kumrudishia miaka ile kama angeikosa.

Tena katika maneno yake ya kuaga uwanjani, aliwakumbusha watu kwamba zamani, mambo yalipokuwa mabaya, timu ilisimama pamoja naye. Akawaambia kwamba kazi yao sasa ni kusimama pamoja na kocha mpya. Maneno yalikuwa mema, lakini kuyatimiza kulishinda nguvu za wengi. Kila Moyes alipofungwa, watu walitazama jukwaani alipokaa yule wa zamani, wakafananisha.

Mwaka 2024 ilikuwa zamu ya Liverpool. Jürgen Klopp, Mjerumani, alikuwa amekaa tangu Oktoba 2015. Alileta ubingwa wa Ulaya mwaka 2019 na ubingwa wa Uingereza mwaka 2020, ambao timu hiyo ilikuwa imeungojea miaka 30. Tarehe 26 Januari 2024 alitangaza kwamba anaishiwa nguvu na ataondoka mwisho wa msimu. Alisema mapema, kabla hajachoka kabisa, akawapa watu miezi minne ya kuizoea habari hiyo. Na siku ya mwisho, tarehe 19 Mei 2024, mbele ya umati uliokuja kumwimbia yeye, alikataa kuimbiwa peke yake. Alianza mwenyewe kuimba jina la Arne Slot, kocha ambaye hajafika bado, mpaka uwanja mzima ukaitikia. Msimu uliofuata, Slot akiwa kocha, Liverpool ilitwaa ubingwa.

Hatusemi kwamba wimbo mmoja huleta kombe. Slot alikuta timu yenye nguvu na vijana. Twasema tu kwamba mrithi aliyeitwa kwa jina na mtangulizi wake huingia mlangoni akiwa mwenyeji. Mama mkwe anayemsifu mke wa mwanawe mbele ya majirani hufanya kazi hiyo hiyo.

Jambo moja dogo tumeliona katika kalenda. Mchezo wa mwisho wa Ferguson ulichezwa tarehe 19 Mei 2013, na wa Klopp tarehe 19 Mei 2024, na siku zote mbili zilikuwa Jumapili ya Pentekoste. Hatutaki kuchanganya mambo matakatifu na michezo. Lakini msomaji wetu anajua sikukuu ile ni ya watu gani: ni ya wanafunzi walioachwa, waliojifungia kwa hofu, kisha wakatoka nje na kuianza kazi.

Upo pia mfano wa kuaga kugumu. Bill Shankly, aliyeiinua Liverpool hiyo hiyo kutoka daraja la pili tangu mwisho wa mwaka 1959, alistaafu ghafula mwezi wa Julai 1974. Hakujua akae wapi. Alirudi rudi katika uwanja wa mazoezi, na wachezaji wakaendelea kumwita mkubwa wao, huku mrithi wake, Bob Paisley, amesimama hapo hapo. Mwishowe ilionekana afadhali asije, naye aliumia sana moyoni. Paisley alikuja kutwaa ubingwa wa Ulaya mara 3. Mzee yule hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alikuwa ametua mzigo, lakini mikono yake ilikuwa bado inautafuta. Tuwahurumie wazee wanaostaafu, tuwatafutie kazi ndogo ya heshima nyumbani, maana kukaa bure huwaua wengi kabla ya ugonjwa.

KWA NINI TWAWALILIA WA MBALI?

Hapa msomaji anaweza kuuliza: mbona mifano yote ni ya Ulaya? Je, sisi hatuna makocha? Swali hilo ni zuri, na jibu lake linatuhusu.

Tunazo timu za zamani na zenye heshima. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na Simba mwaka 1936. Nayo Simba iliwahi kuitwa Sunderland, jina la timu ya Kiingereza, mpaka mwaka 1971. Makocha wapendwa tumewapata. Marcio Maximo, Mbrazili, alipokuja kuifundisha Taifa Stars mwaka 2006, watu walianza tena kwenda uwanjani na bendera za taifa, na mwaka 2009 timu yetu ilicheza katika mashindano ya kwanza ya CHAN kule Ivory Coast. Aliondoka mwaka 2010, na wengi walisikitika. Lakini aliporudi mwaka 2014 kuifundisha Yanga, hakuumaliza hata msimu mmoja.

Nasreddine Nabi, Mtunisia, alifika Yanga mwezi wa Aprili 2021. Alitwaa ubingwa wa Tanzania mara mbili mfululizo, na mwaka 2023 aliifikisha timu fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Huko Yanga ilifungwa na USM Alger nyumbani mabao 2 kwa 1, ikashinda ugenini bao 1 kwa 0, ikakosa kombe kwa hesabu ya mabao ya ugenini tu. Mwezi wa Juni alikwisha aga. Pwani yote, nusu yenye rangi ya kijani na njano ilinyong'onyea. Na alikuwa amekaa miaka miwili! Kwetu miaka miwili ni umri wa mzee. Aliyemfuata, Miguel Gamondi wa Argentina, alitwaa ubingwa naye, lakini mwezi wa Novemba 2024 akaondolewa.

Basi ndiyo sababu twawalilia wa mbali: wa kwetu hatuwapi muda wa kuzeeka mikononi mwetu. Tunasahau kwamba Ferguson huyo alikaa zaidi ya miaka mitatu bila kombe lolote. Mwaka 1989 mashabiki wake walikuwa wanamtaka aondoke, wengine wakabeba bango uwanjani la kumdhihaki. Kombe la kwanza alilipata mwaka 1990, na ubingwa wa kwanza mwaka 1993, yaani zaidi ya miaka 6 tangu alipoanza. Kama angekuwa kwetu, angefukuzwa mara tatu kabla ya hapo. Twapenda mavuno ya subira ya watu wengine, lakini hatutaki kulima subira yetu.

MCHEZA KWAO HUTUZWA

Sasa tufike kwenye neno ambalo hasa limetufanya tuandike.

Alasiri, maji yanapokupwa, nenda ufukoni Bagamoyo, au katika viwanja vya vumbi vya Kiromo na Zinga. Utawaona watoto wanacheza chandimu, wengine miguu mitupu. Na mara nyingi, pembeni, utamwona mtu mmoja mzima mwenye filimbi. Hana mshahara. Mipira ameinunua kwa fedha ya samaki au ya useremala wake. Yeye ndiye anayemwuliza mtoto kwa nini hakuja shuleni leo. Yeye ndiye anayewaombea vijana fulana wanapokwenda kucheza ndondo katika kijiji cha pili, na yeye ndiye anayewatenganisha wanapotaka kupigana. Huenda amefanya hivyo miaka ishirini. Vijana wengi ambao hawakuingia katika ulevi na wizi, walizuiwa na filimbi ile.

Siku mtu huyo magoti yanapomkataa, anaacha. Hakuna gazeti linaloandika. Hakuna anayesimama katikati ya uwanja kusema naye. Jumatatu watoto wanakuja, hawamkuti. Wanamngoja kidogo, kisha wanacheza wenyewe au wanatawanyika. Na wale wale wazazi ambao watoto wao alilelewa naye, jioni wanakwenda kibandani kumlilia mtu wa Manchester.

Hatusemi wasimlilie. Twasema wahenga walikwisha tuonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Machozi tunayowatolea wa mbali yawe shule ya kutufundisha kuwaona walio karibu. Kijana aliyejua kumheshimu Ferguson kwa miaka 26 ya kazi, aweza kufundishwa kumheshimu mwalimu wa darasa la kwanza aliyefundisha miaka 30, katekista anayetembea kwa miguu kwenda kigango, mkunga wa zahanati, na baba yake mwenyewe. Hapo ndipo baba yule wa jioni ile angeweza kukaa karibu na mwanawe badala ya kumcheka, amwambie, "Mwanangu, umefanya vizuri kumkumbuka aliyefanya kazi yake kwa uaminifu. Sasa niambie, yule mzee aliyekufundisha kupiga mpira ufukoni, yu hali gani siku hizi? Kesho twende wote tukamsalimu."

Neno hilo moja lingemfaa kijana kuliko mahubiri marefu.

MIPAKA YA MAPENZI HAYA

Hata hivyo, yatupasa kutaja mipaka, maana kila kipendwacho chaweza kuzidi kipimo. Huzuni ya mpira huwa mbaya inapomfanya mtu arudi nyumbani na hasira amtukane mkewe asiyejua hata nani alicheza. Huwa mbaya inapopelekwa kwenye chupa. Huwa mbaya zaidi inapochanganyika na mchezo wa kubahatisha, ambao vijana huuita kuweka mkeka. Maana hapo mtu halilii tena kocha wala timu, analilia fedha ya chakula aliyoitupa. Na huwa upumbavu inapovunja ujirani, hata watu waliozaliwa mtaa mmoja wa Dunda au Magomeni hawasalimiani kwa ajili ya timu mbili za nchi ya mbali.

Kipimo chake ni chepesi. Mapenzi ya kweli humfanya mtu awe mwema zaidi kwa walio naye. Shabiki anayetoka kibandani akiwa na huzuni, akapita kumsaidia mama yake kuteka maji, huzuni yake haina ubaya. Anayetoka humo na ngumi, ajichunguze.

MWISHO

Bagamoyo yenyewe ni mwalimu katika jambo hili. Mji huu ulikuwa mlango wa misafara, kisha makao makuu ya Wajerumani. Mwaka 1891 makao hayo yalihamishiwa Dar es Salaam, na reli ilipoanza kujengwa kutoka huko kwenda bara mwaka 1905, njia ya misafara ikazidi kuwa kimya. Mji uliachwa. Lakini haukufa: wavuvi waliendelea kutega, mafundi wakaendelea kuchonga, watoto wakaendelea kuzaliwa, na leo waucheza mpira mbele ya majumba ya kale. Aliyeachwa hana budi kulia kidogo, kisha aendelee na kazi.

Basi atakapostaafu kocha mwingine mpendwa, naye hakika atastaafu, tusione haya kuhuzunika wala tusicheke wanaohuzunika. Tumshukuru aliyetua mzigo, tumpe mrithi wake muda. Kisha twende tukambishe hodi yule mzee wa filimbi.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Ni mtu gani wa kijiji au mtaa wetu aliyefanya kazi kwa uaminifu miaka mingi, na hatujamshukuru? Tumfanyie nini juma hili?

2. Baba na mama: mtoto wenu anapohuzunika kwa jambo mnaloliona dogo, mnamjibu nini?

3. Vijana: mwalimu, kiongozi au kocha mpya anapoingia, mnampa muda gani kabla ya kumfananisha na wa zamani?

4. Wazee: ni mzigo gani ambao wakati wake wa kutuliwa umefika, na ni nani mnayemtaja kwa jina aubebe?